Kidole Kilichofungwa Uzi

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Kasulu asubuhi ya mvua, mzima, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na akakaa bila jina. Si kwamba majina yalikosekana. Mimi peke yangu nilikuwa nayo ya kugawa. Lakini nimeolewa kwa Waha, kwenye ukoo wa Kitahana kule Kibondo, na katika ukoo huo mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina na babu mzaa baba. Na babu hatamki jina mpaka bibi aje, amwogeshe mtoto, ampakate, kisha arudi kusema kwamba amemwona. Bibi alikuja, akamwona, akaondoka bila kumpakata. Basi mwanangu akawa "mtoto". Kliniki walimwita "mtoto wa mwalimu", na kila walipomwita hivyo nilitamani kugombana na mtu.

Mimi ni mtu wa Njombe. Serikali ilinileta Kasulu kufundisha biolojia, nikadhani nitakaa kidogo tu kisha niombe uhamisho. Nikakutana na bwana shamba mmoja mwenye meno mazuri na maneno machache, habari ya uhamisho ikaishia hapo. Mama yake alinipokea vizuri. Alinicheka Kiha changu, akanifundisha kusonga ugali wa muhogo usiokuwa na mabuje, na alipojua nina mimba akaanza kuniletea asali kila anapopata usafiri wa kuja huku. Kwa hiyo aliponigeuka, aliyegeuka ni mtu niliyempenda, na hilo ndilo lililoniuma.

Kilichomfukuza kilikuwa kidogo kuliko punje ya hindi. Pembeni mwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa mwanangu kilining'inia kidole kingine, laini, hakina mfupa, ila kina ukucha wake kabisa, kama kinavyostahili. Daktari alikigusa akasema hakina madhara, tukitaka kitaondolewa, tusipotaka kibaki. Mimi nilikibusu. Mama mkwe alifunua blanketi, akaanza kuhesabu vidole kama wanavyohesabu kina mama wote, akafika kwenye hicho, akasimama. Akaufunika mkono. Akamwambia wifi yangu mkubwa, aliyekuja naye, maneno ya Kiha upesi upesi. Kiha changu wakati huo kilikuwa cha sokoni, cha kununulia ndizi, sikukamata kitu.

"Anasemaje?" nikamuuliza wifi.

Wifi akatazama sakafu. "Anasema kwetu hakuna mtu wa hivi."

Kwetu hakuna! Kana kwamba nilikileta kwenye begi kutoka Njombe. Nilimpigia simu mama yangu, naye akawauliza shangazi na mama wadogo wote hadi wale wasioongea na wenzao, na jibu likarudi kwamba kwetu pia hakuna, na kwamba wakwe zangu wana dharau. Mume wangu akabaki katikati. Hakunishutumu hata kidogo, lakini pia hakumtetea mtoto kwa sauti niliyotaka mimi. Alisema mama atatulia. Wiki zikapita, mama hakutulia, na babu hakutamka jina.

Cha kuudhi ni kwamba jambo lenyewe ndiyo kazi yangu. Kila mwaka nawafundisha kidato cha nne habari za jeni. Nawaambia kwamba kila seli ya mwili ina maagizo ya kuujenga mwili mzima. Seli ya ini inayo maagizo ya kutengeneza jicho, ila haiyasomi. Inasoma yanayoihusu, mengine yamezimwa. Wanafunzi hupenda hapo. Huwa wanauliza nani anawasha na nani anazima, nami nawaeleza kwamba ndani ya vinasaba vyenyewe kuna sehemu zinazofanya kazi ya swichi, zinawashana na kuzimana zenyewe kwa zamu, na kwamba mkono wa mtoto tumboni huanza ukiwa bapa kama mwiko. Jeni fulani huwashwa upande mmoja, kwa muda wake, kisha huzimwa, na vidole vinatokea. Agizo likikosea kidogo, mahali au muda, pembeni kinachipua kidole cha ziada. Basi. Hakuna aliyelaaniwa, hakuna aliyekula kitu kibaya.

Na kidole cha namna hii mara nyingi hurithiwa kwa mzazi mmoja tu. Baba akiwa na jeni hiyo, au mama, kila mtoto anaweza kuipata au kuikosa, kama sarafu iliyorushwa juu. Tena ina ujanja. Mtu anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuonyesha chochote, kisha mwanawe akazaliwa nacho. Nilikuwa nayajua haya yote, nimeyaandika ubaoni hadi chaki ikanikausha vidole, na hayakunisaidia lolote. Mwanangu alinyonya, akalala, akaamka, hana jina.

Halafu siku moja mchana mume wangu alikuwa amempakata mtoto karibu na dirisha, mimi nakunja nguo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya kichwa cha mtoto, na jua limeuangukia. Pembeni mwa kidole chake cha mwisho, pale kinapoanzia, palikuwa na kinundu kigumu kama punje ya mchele. Nilikijua tangu uchumba. Aliwahi kuniambia ni kovu, nikaridhika, kwa sababu mtu akikuchumbia huchunguzi makovu yake. Sasa nikautupa upande wa kanga niliokuwa nakunja.

"Hebu lete huo mkono."

"Nina mtoto."

"Lete na mtoto." Nikakishika kinundu kwa kidole gumba. "Hiki ni nini?"

"Kovu. Mama alisema niliungua nikiwa mchanga."

"Uliungua sehemu ndogo kama hii peke yake? Na moto ukaacha nyama juu badala ya shimo?"

Akacheka. Kisha akautazama mkono wa mwanawe, akautazama wake, pale pale, upande ule ule, na kicheko kikaisha chenyewe. Nilimweleza. Nilisema kwa haraka kuliko ninavyosema darasani. Bwana shamba hahitaji maelezo marefu. Anawaambia wakulima kila msimu kwamba mbegu huficha mambo ya mama na baba yake yakatokea shambani mwaka unaofuata. Alinisikiliza, halafu akasema, "Twende Kitahana."

Tulifika tukamkuta mama mkwe ameketi uani na ungo wa maharage magotini, anachambua. Baba mkwe alikuwa mbali kidogo, karibu na banda, anachonga mzinga wa nyuki kutoka kwenye gogo. Nilipiga magoti kumsalimu nikiwa pale pale nilipo. Kwenye ukoo huu mkwe wa kike hamshiki mkono baba mkwe, wala hakai mkeka mmoja naye. Nilipoolewa niliona ni adabu ya kupendeza, kwa sababu iliniepusha na mazungumzo marefu ya nyuki.

Nikaketi karibu na mama. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba, yenye makali. Lakini alipomwona mtoto mgongoni mwangu uso wake ulifanya kitu nisichokitarajia. Uliogopa. Nikaona kabisa kwamba huyu mama ananiogopa mimi, na hotuba yangu ikanitoka kichwani.

"Mama," nikamwambia, "sikuja kushitaki. Nataka kuuliza tu. Huyu mwanao, alipozaliwa, ulimfunga uzi?"

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. Manesi wa kliniki walikuwa wameninong'oneza: hapa Kigoma, na hata kwetu Njombe nilikuja kujua baadaye, kidole cha namna hiyo hufungwa uzi mwembamba siku za mwanzo, kikakauka, kikaanguka, na anayekifunga hasemi. Mtoto hukua hajui. Na kwa kuwa hakuna anayesema, kila ukoo una hakika kwamba kwao hakuna.

Mama mkwe alimtazama mwanawe aliyesimama nyuma yangu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ego." Ndiyo.

Akaanza kueleza, Kiswahili chake kikichanganyika na Kiha, mume wangu akinitafsiria pale nilipopotea. Mtoto wake wa kwanza, wifi yangu mkubwa yule yule aliyetazama sakafu, alizaliwa nacho. Mama mkwe wake yeye, mama wa mzee huyu anayechonga mzinga, alikiona, akasema kitu hicho kimetoka kwa wazazi wake, kwao kuna uchafu, arudi nacho huko huko. Wakamrudisha kwa baba yake Kagerankanda, na mtoto mchanga mgongoni. Alikaa huko tangu watu wanapanda maharage hadi wamevuna. Huko ndiko mama yake alikofunga uzi, kidole kikaanguka, ndipo akaruhusiwa kurudi kwa mumewe. Alipomzaa huyu wa pili alijifungulia nyumbani. Kabla hajaita mtu, yeye mwenyewe, damu bado inamtoka, alichomoa uzi kwenye pindo la kitenge akafunga. Kovu la moto alilibuni mtoto alipoanza kuuliza.

"Mwana wanje, mwanangu," akaniambia, "nilijua ni damu yangu mimi. Mbaya. Nikaificha. Sasa nimeona mkono wa huyu mtoto, nikasema, leo nimekamatwa. Watajua ni mimi."

Alikuwa amebeba hilo miaka yote ya ndoa yake. Nilimhurumia, na hasira niliyotoka nayo Kasulu sikuiona tena ilipokwenda. Hakunitupia mimi lawama kwa ubaya. Alikuwa anaogopa isimrudie yeye.

Nikamshika mikono. Nikamwambia hakuna damu mbaya. Nikamwambia uzi unakata kidole, haukati kilichokileta, kwa sababu kilichokileta kimo katika kila seli ya mtu, tangu unywele hadi kisigino, na anaweza kumpa mwanawe hata kama mkono wake umebaki laini. Nikamwambia kinaweza kutoka kwa mama, kinaweza kutoka kwa baba. Nikiwa nasema hivyo nilikuwa naipapasa mikono yake mwenyewe, ya kushoto na ya kulia, pembeni mwa vidole vya mwisho. Ilikuwa na sugu za jembe, lakini pale palikuwa laini kabisa. Nikamwambia ukweli, kwamba hilo halithibitishi kitu, mtu anaweza kukibeba bila alama.

Yeye hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa anamtazama mumewe.

Mzee alikuwa ameacha kuchonga. Alikuwa amesikia yote. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika gogo, na kutoka pale nilipokaa nisingeweza kuona kitu, wala sikuruhusiwa kusogea. Elimu yangu yote ikakaa chini na mimi kwenye mkeka. Mama mkwe akaweka ungo pembeni, akasimama, akamshika mwanawe kwa kifundo cha mkono, akamvuta hadi kwa baba yake. Akauchukua mkono wa kushoto wa mzee kutoka kwenye gogo bila kuomba ruhusa. Akaweka kidole gumba chake kimoja pembeni mwa mkono wa mume, kingine pembeni mwa mkono wa mwanawe. Akapapasa. Akafumba macho akapapasa tena.

"Hiyo ni chunjua," mzee akasema. "Ya utotoni. Mama aliniambia nisiichokonoe."

"Mama yako aliniambia kwetu kuna uchafu," mama mkwe akasema.

Kumbe yule bibi aliyemrudisha mkwe wake Kagerankanda ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga uzi, kwenye mkono wa mwanawe. Sijui kama alikuwa mkatili, au naye alikuwa ameogopa tu, kama huyu. Nilikuja kufikiri hivyo baadaye. Wakati ule nilimchukia.

Mzee alitazama mkono wake kama ameazimwa. "Sikujua," akasema.

"Na mimi sikujua," mama mkwe akamjibu. "Lakini aliyerudishwa ni mimi."

Alisema bila kupaza sauti. Mzee akainamisha kichwa, na mume wangu akageuka kutazama migomba ili tusimwone uso. Mama mkwe aliiachia mikono yao yote miwili, akaja kwangu, akafungua mbeleko mwenyewe, akamtoa mwanangu mgongoni, akaketi naye. Alimpakata. Akaufunua ule mkono wa kushoto, akaviacha vidole vyote nje, vichezee upepo. Nilimwambia hospitali wanaweza kukiondoa, hakina shida, akinyanyua kidole tu nampeleka.

"Oya," akasema. Hapana. "Nimefunga kimoja, inatosha. Hiki kikae watu wakione."

Mzee akasogea, akakohoa kama wanavyokohoa wanaume wakitaka kusema jambo la heshima. Akasema basi sasa mtoto amepakatwa, jina yeye analo tayari, alikuwa nalo tangu siku ile aliposikia mtoto amezaliwa.

"Likae na wewe," mama mkwe akamwambia. "Huyu nampa jina mimi."

Haijawahi kutokea kwenye ukoo ule, mume wangu aliniambia tukiwa njiani kurudi. Mzee alisema, "Mpe." Na mama mkwe akamtamkia mwanangu sikioni, kisha akatutamkia sisi kwa sauti, jina la baba yake mzazi, yule mzee wa Kagerankanda aliyemwona binti yake anarudishwa na mtoto mgongoni, akamfungulia mlango, na hakumuuliza chochote.