Kati ya Picha ya Kwanza na ya Pili

Mimi ni mtu wa maneno. Kibondo nzima wanajua hilo. Ukiniudhi, maneno yanatangulia, ngumi zinafuata, akili inakuja kesho yake. Sasa kuna Jumamosi moja niliulizwa swali jepesi kabisa mbele ya watu kumi na wanne, na sikupata hata neno. Mpaka leo nikiikumbuka siku hiyo mgongo unatoka jasho.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamia vijiji vipya, nyumba zinapangwa mstari, na sisi tuliomaliza la saba tumekaa tu hatujui tushike nini. Mimi nilishika spana. Ufundi baiskeli sikufundishwa na mtu. Nilifungua baiskeli ya baba akiwa shamba, nikashindwa kuirudisha, nikachapwa, nikaifungua tena. Na karate nilidhani inapatikana hivyo hivyo.

Mwalimu wetu wa karate alikuwa seremala. Alikuwa na umri wa baba zetu wadogo, mtu mkimya, mwembamba, vidole vimejaa makovu ya patasi. Siku moja alikwenda kutengeneza mabenchi ya misheni, akapewa misumari imefungwa kwenye karatasi, na zile karatasi zilikuwa za kitabu. Hakina jalada, mchwa wamekula pembe, maandishi yake kama vijiti vilivyomwagika chini. Lakini kulikuwa na picha za mtu mmoja amevaa nguo nyeupe, anapiga ngumi, anapiga teke, anazuia. Seremala akaomba na karatasi zilizobaki. Zilitoka picha thelathini na moja. Akazibandika kwa uji wa muhogo ndani ya banda la kukaushia tumbaku lililoachwa, akatukusanya vijana tisa.

Majina ya zile picha hatukuyajua, tukayatunga. Kulikuwa na Kuchungulia Shimo, kulikuwa na Mlango wa Chini, na kulikuwa na moja mtu amenyoosha kiganja mbele na kugeuza uso, hiyo tukaiita Kumkataa Shemeji.

Kila jioni baada ya kazi tunaingia bandani. Kwanza tunamwamkia mwalimu kama Muha anavyomwamkia mkubwa wake: unachuchumaa, viganja umevikunja kidogo, unapiga makofi taratibu, unasema mwidiwe. Halafu yeye anagonga ubao kwa nyundo ya mti, ko. Tunasimama kama picha ya kwanza. Anapita mmoja mmoja, anamtazama mtu, anatazama ukutani, anapima goti lako kwa kile kipimo cha pembe cha useremala. Ukiwa umepinda anakunyoosha. Mpaka wote tisa tuwe sawa, mapaja yanatetemeka, ndipo anagonga tena, ko, tunaruka kwenye picha ya pili. Miaka mitatu tulifanya hivyo. Picha zote thelathini na moja nilikuwa nazo mwilini. Mtu akiniambia seremala si mwalimu wa kweli tulikuwa tunapigana, na nilishapigana mara nne kwa neno hilo, moja kati ya hizo na binamu yangu kwenye arusi.

Basi nikapata kazi Kasulu. Mwenye duka mmoja, Mwislamu mwenye asili ya pwani, alitaka fundi baiskeli wa kukaa kibarazani kwake. Nikahamia kwa shangazi yangu pale mjini. Jumamosi ya kwanza, baada ya sala ya alasiri, nikasikia kelele ua wa nyuma, kelele za watu wanaotoa pumzi kwa pamoja. Nikaacha tairi, nikachungulia.

Walikuwa vijana kumi na watatu, na mbele yao mpwa wa mwenye duka, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyejifunza karate Dar es Salaam. Walikuwa wanafanya picha zetu. Namwona mmoja anafanya Mlango wa Chini, mwingine Kumkataa Shemeji, zile zile. Lakini hawakusimama. Mguu ulikuwa unateleza ardhini nusu duara, kiuno kinazunguka, mkono mmoja unarudi mbavuni wakati mwingine unakwenda, na ile picha niliyoishikilia miaka mitatu mapaja yakiniwaka moto ilipita kama mtu anavyopita mlangoni. Wao walikuwa na kitu katikati ya picha. Sisi katikati tulikuwa tunaruka kama panzi.

Nilirudi kwenye tairi, nikakaa. Hasira ilinipanda na sikujua ya nani. Niliona kama kuna mtu ametuibia miaka mitatu, na mtu wa kumshika shati hayupo.

Jumamosi ya pili nikaingia uani. Yule kijana, wenyewe walimwita sensei, yaani mwalimu, akaniambia nioneshe ninachojua. Nikawaonesha. Nikasimama picha ya kwanza, nikaruka ya pili, nikaruka ya tatu. Wakaanza kucheka. Mmoja akasema huyu anasubiri mpiga picha abonyeze. Nilitaka kumfuata, sensei akanishika bega. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nina mwalimu, kwa sababu pale kwao mtu hali nyumba mbili. Kama mwalimu wako yu hai, alisema, unaleta neno lake kwamba amekuachia. Bila hivyo hupokelewi.

Sasa fikirieni. Nirudi Kibondo nimwambie seremala kwamba kile alichotufundisha ni ukuta tu? Kwamba kuna kijana wa kuweza kuwa mtoto wake, lakini anajua katikati? Nisingeweza kulitoa hilo neno. Na kuondoka pale uani nisingeweza pia, mguu ule uliokuwa unateleza nilikuwa nimeshauota.

Nikasema, "Mwalimu wangu alifariki."

Neno likatoka jepesi, kama kumwambia mtu pancha yako iko tayari. Sensei akainamisha kichwa, akasema maneno ya kumwombea marehemu, na wale waliokuwa wananicheka wakainama pamoja naye. Kwetu Uha mtu hamtamkii aliye hai kifo, hata kwa utani. Nilikwenda kunawa mdomo kwenye pipa.

Nikajifunza miezi miwili. Sitaficha, nilifurahi. Na kila nikifurahi nilimwona seremala ameinama na kile kipimo chake gotini kwangu, basi furaha inaingia mchanga. Nilikuwa nafanya mazoezi nimekunja uso, sensei akadhani ndiyo bidii.

Halafu nikapata ruhusa ya siku tatu, nikadandia lori la tumbaku, nikarudi Kibondo. Jioni nikaingia bandani na wenzangu. Tumechuchumaa, tumepiga makofi, mwidiwe, ko, picha ya kwanza. Ko ya pili, mimi sikuruka. Wallahi sikukusudia. Mguu wenyewe uliteleza, ukachora nusu duara kwenye vumbi la banda, kiuno kikafuata. Wenzangu wote wako kwenye picha ya pili, na mimi niko kwenye hiyo hiyo, lakini mbele yangu kuna mstari ule mchangani.

Seremala alikuja, hakunitazama usoni. Aliutazama mstari. Akaniuliza mguu ule nimeutoa wapi. Nikasema nimeubuni mwenyewe Kasulu nikiwa nimekaa. Akaniomba niurudie. Nikaurudia. Akachuchumaa, akaupima ule mstari kwa kidole mwanzo mpaka mwisho kama anavyopima mbao, halafu akasimama akawaambia wenzangu kwa leo inatosha. Nilipotoka nilimwacha amesimama mbele ya ukuta, pua karibu iguse picha.

Kesho yake nikarudi Kasulu. Njia nzima nilijiambia ameamini.

Jumamosi ya pili yake, tuko kwenye mstari uani, kila mtu nafasi yake kwa siku aliyoanza, mimi wa mwisho. Lango likafunguliwa. Seremala akaingia anasukuma baiskeli. Suruali imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, tairi la nyuma limelala chini. Kutoka Kibondo ni siku mbili kwa baiskeli. Alilala njiani, Makere, nilijua baadaye. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akaja mbele ya sensei, akachuchumaa, akaanza kupiga makofi taratibu.

Vijana wa Kasulu walijua maana yake. Sensei hakujua. Alidhani mzee anashangilia mchezo, akacheka, akamwambia asante mzee, bado hatujaanza. Mmoja akamnong'oneza. Sensei akaona haya, akamwinua.

Seremala akasema ametoka Kibondo, amesikia kuna mafunzo, anaomba kupokelewa kama mwanafunzi.

Sensei akageuka kwangu, anatabasamu. "Mtu wa kwenu huyu. Unamfahamu?"

Ndilo lile swali. Nilifungua mdomo na ndani hamkuwa na kitu. Ulimi umelala. Nasikia njiwa juu ya bati, nasikia mtu anasonga ugali nyumba ya pili, neno halipo.

Sensei akaona ananisaidia. Akamweleza seremala kwamba na huyu kijana anatoka Kibondo, alikuwa na mwalimu wake huko, bahati mbaya alifariki, labda mzee ulimjua.

Seremala alinitazama. Si kwa hasira, ningeiweza hasira. Alinitazama kama anavyotazama ubao kabla hajaukata, kutafuta ufa umepita wapi. Kisha akamjibu sensei.

"Ndiyo. Tulimzika."

"Alikuwa mwalimu mzuri?"

"Alikuwa anajua picha tu," akasema.

Akavua viatu, akaja mpaka mwisho wa mstari, akasimama nyuma yangu. Mimi na miaka yangu kumi na tisa nikawa mkubwa wake. Nilisikia pumzi yake shingoni. Sensei akasema simama tayari, na seremala nyuma yangu akasimama picha ya kwanza. Sikugeuka, lakini nilijua kwamba ni sawa kabisa mpaka kwenye goti.

Sikumaliza hata pumzi tatu. Nikatoka kwenye mstari. Sensei akaniambia nirudi nafasi yangu. Nikasema sirudi, siwezi kusimama mbele ya mtu huyu. Maneno yakawa yamerudi yote kwa pamoja, nimeyamwaga bila mpangilio: kwamba huyu ndiye, hakufa, mimi ndiye niliyemuua kwa mdomo wangu, kwamba banda, kwamba uji wa muhogo, kwamba asiyemheshimu aje nimuoneshe. Nilikuwa nalia na nimekunja ngumi, sijui nataka kumpiga nani.

Sensei alisubiri niishiwe. Akasema aliyesema uongo juu ya mwalimu wake hafundishwi pale. Nivue mkanda nitoke. Nikavua. Kusema kweli nilitoka kichwa juu, maana nilijua seremala atanifuata. Mimi nimevunja kila kitu kwa ajili yake, tutaondoka wawili, tutarudi bandani kwetu, na Kasulu wabaki na miguu yao.

Nilifika langoni, nikageuka. Hakuwa ananifuata.

Alikuwa amesogea mbele hatua moja, kuziba nafasi niliyoiacha, macho kwa sensei. Sensei alimuuliza kama anataka kwenda na kijana wake. Yeye akajibu kwa sauti yake ile ile ya chini kwamba amesafiri siku mbili, anaomba amalizie somo.

Sikuwahi kupigwa teke la namna hiyo, Kibondo wala Kasulu. Nilikaa nje chini ya ukuta. Kwanza nilimtukana moyoni, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiha ambacho kina matusi mazuri zaidi. Halafu nikakumbuka baiskeli yake bado iko kwa ndani, tairi limelala. Nikamwomba mtoto wa dukani anitolee. Nikaipindua, nikatoa tyubu, nikatafuta tundu kwenye karai la maji. Matundu yalikuwa matatu. Ndani ya ua nawasikia wanatoa pumzi kwa pamoja, na pumzi moja inachelewa kila mara, ya mtu mzima. Nikaziba la kwanza. Pumzi ile bado inachelewa. Nikaziba la pili, la tatu. Nilipoanza kupiga pampu sikuweza tena kuitofautisha na za wengine.

Alitoka shati limelowa. Akabonyeza tairi kwa dole gumba, akaridhika. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, ya samahani na ya hasira, nimeyapanga vizuri. Hakunipa nafasi.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "mguu ulikuwa sawa. Kiuno ndicho ulichokosea. Ulikianza mapema."

Akanipa baiskeli nimshikie. Pale barabarani, watu wanatoka sokoni na mafurushi yao, seremala akasimama picha ya kwanza. Miaka mitatu nimemwona kwenye picha ile, naijua kuliko uso wake. Kisha mguu wake wa nyuma ukaanza kuteleza, polepole sana, vumbi linajikusanya mbele ya kidole gumba, kiuno kimetulia, kimetulia, na mimi nimeshika usukani wa baiskeli nangoja nione kitaanza lini.