Salongo ya Mutu Mumoja

Kwetu Bagira, Jumamosi asubuhi ni salongo: kila nyumba inatoa mutu mumoja na jembe, munafagia avenyu yenu, munazibua mufereji, ndipo maduka yafunguliwe. Nilianza nikiwa mutoto, nyuma ya baba yangu. Siku hizi natoka peke yangu. Vijana wanaruka matope ninayoyatoa, wananisalimia vizuri, wananiambia mwalimu jikaze, kisha wanaendelea na safari yao. Kujikaza naweza. Wa kujikaza naye ndiye sina.

Mutoto wangu wa mwisho ndiye aliyebaki na mimi tangu mama yake afariki. Alimaliza chuo kikuu, ekonomi, nami nikamwambia asubiri: Serikali itamuajiri kama ilivyoniajiri mimi. Akaniuliza kama nakumbuka miezi niliyofundisha bila mushahara. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nakumbuka.

Jumamosi moja nikamuita tutoke salongo. Hakusimama. Aliongea polepole, namna mutu anamueleza mugonjwa.

"Papa, ule mufereji iko ya Serikali. Kodi tunalipa. Ukiuzibua wewe, bo, wakubwa ya Serikali, wanalala. Ni ninyi wazee mulibazoeza."

Nilimujibu maneno ambayo sitayaandika hapa. La mwisho lilikuwa kwamba asiyefanya salongo halali chini ya paa langu. Mimi na mudomo wangu! Nilifikiri atachukua jembe. Alichukua begi, akaenda Mwenga kuchimba zahabu, na diplome yake ikabaki ukutani.

Miezi ikapita. Nilikuwa nampigia, simu inaita mpaka inakata. Wenzake waliorudi walisema iko muzima, iko anafanya kazi, basi. Nikawa nasonga fufu, ugali wetu wa muhogo, ya watu wawili, nakula kidogo, ingine inalala. Nasema wazi: upweke wa nyumba ile uliniuma, lakini kumutumia mutu amuambie arudi, hapana, kiburi kilikataa.

Kisha vijana wa avenyu wakanipiga picha nikiwa ndani ya mufereji, matope mpaka magotini. Wakaisambaza kwenye simu na maneno yao: muzee anafanya kazi ya Serikali, Serikali iko wapi? Ikaenda mbali, hata Ibanda, upande mwingine wa muji, kuna watu walinitambua njiani. Jirani yangu, maman mumoja muuza makala ya kupikia, ndiye aliyenionyesha. Nilichukia sana. Mimi sikuwa naandamana, nilikuwa nasafisha.

Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Papa, niliona picha. Unatupatisha haya. Acha ile jembe, nakuomba."

Hakuniuliza kama nimekula, na mimi sikumuuliza kama anarudi. Lakini ile sauti! Ilikuwa imekuwa nzito, na alikohoa katikati ya maneno. Nilishika simu kwa mikono miwili, nikamwambia sawa, mutoto wangu, nimeacha. Akasema aksanti, akakata.

Jumamosi iliyofuata niliamka mapema, nikavaa shati safi. Mufereji wa nyuma ya nyumba ndio ulikuwa umejaa. Niliuacha, nikaenda kuchimba ule wa kando ya barabara kubwa, pale vijana wanapokaa na simu zao.