Imetulia kwa Nani?

Enzi zetu pale Baraka, betri za redio zilianikwa juani pamoja na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani tulikuwa wachawi. Lakini wewe uliyekua wakati wetu unajua: betri ikichoka huitupi, unaiweka juu ya bati tangu asubuhi, ikipata joto inarudisha pumzi kidogo, na pumzi ile inatosha habari za dunia. Muziki ulikuwa dhambi nyumbani kwetu. Baba, mvuvi mwenye redio pekee upande wetu wa ufukwe, alisema muziki unakula betri bure.

Sauti ilikuwa ndogo mno, hivyo alisikiliza mtu mmoja tu, sikio limebanwa kwenye redio. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa Kifaransa cha école, cha pale shuleni, kilikuwa kimeniingia kidogo, na ndugu zangu walipenda zaidi kukimbiza mpira wa majani ya migomba. Nikimaliza, nilishuka ufukweni ambako akina mama waligeuza ndagala mchangani, nikapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikawatangazia. Nilitangaza vita vya nchi nisizojua ziko wapi, wafalme waliokufa, marais waliopeana mikono. Nilitunzwa kipande cha muhogo wa kuchoma. Tangu hapo nimesema mbele ya watu wengi wenye tai, na sijapata tena wasikilizaji kama wale.

Mama yangu alikuwa na sheria moja. Habari ya mbali, tangaza upendavyo. Habari ya kwetu, lazima utaje aliyeiona kwa macho, jina lake na mahali anapotoka. "Habari haina miguu," alisema. "Kuko muntu mwenye aliileta." Nilimwona mshamba. Yule bwana wa redio hakutaja mtu; alisema tu "duru zinaarifu", nami nilipenda sana kuwa na duru.

Mwaka mmoja watu wa kijiji cha Lubondja waliteremka kwetu na magodoro vichwani, wamekimbia risasi. Mama Riziki na watoto wake wanne walilala jikoni kwetu. Tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, na binti zake mpaka vumbi likatupaka miguu yote, lakini yeye mwenyewe hakucheka. Kila siku aliuzungumzia muhogo wake uliokomaa shambani, kwamba nguruwe watauchimba.

Asubuhi moja redio ikaitaja Fizi, wilaya yetu: huko hali imetulia, waliokimbia wanarudi makwao. Nilisikia fahari isiyo na kifani. Redio ya Ulaya imetutaja sisi! Nikapanda mtumbwi wangu, nikatangaza kwa sauti ya puani kama yule bwana. Sikutaja aliyeona. Nani angemuuliza Mzungu swali la namna hiyo?

Mama Riziki hakungoja nimalize. Alimfunga mdogo mgongoni kwa kitenge, akawaita wengine, akashika njia.

Mama aliporudi kutoka sokoni alikuta jiko tupu.

"Mama Riziki iko wapi?"

"Amerudi kwao. Hali imetulia."

"Nani alisema?"

"Redio."

"Redio iko na macho?" Alitua kapu lake chini. "Sifa, kimbia. Ulize bantu benye banashuka. Kisha umufuate ule mama, umurudishe. Ni kinywa yako njo ilimutuma."

Nilikimbia mpaka karibu na daraja la mto Mutambala. Hapo nikakutana na mwanamke anayevuta mbuzi wawili, sufuria kichwani. Nikamuuliza kama kweli hali imetulia Lubondja. Alinitazama juu hadi chini.

"Imetulia kwa nani?" akasema. "Jana balichoma nyumba yangu. Mi ni Mama Espérance. Useme ni mi nilikuambia."

Nilimkuta Mama Riziki ameketi kando ya njia, ananyonyesha. Kama mtoto yule asingelia njaa, sijui ningewafikia wapi. Nilimweleza nikihema: nani ameona, ameona nini, lini. Alinyanyuka, akafunga kitenge upya, tukageuka. Mimi nililia njia nzima.

"Acha kulia," mama yangu aliniambia tulipofika. "Kesho, ulize kwanza."

Ile ndiyo shule yangu ya uandishi. Chuo kilikuja baadaye kikanipa karatasi tu. Nimeandika habari za mataifa miaka mingi, na kila msemaji wa serikali aliponiambia hali imetulia, niliuliza: kwa nani? Kwa swali hilo nimetolewa ukumbini zaidi ya mara moja. Nimetoa vitabu viwili kuhusu vita vya watu wengine. Cha tatu ni cha kwetu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mhariri wa ng'ambo ameniandikia kwamba majina ni mengi, msomaji atachoka. Lubondja iwe "kijiji kimoja cha mbali". Mama Espérance awe "mkazi mmoja". Nisipokubali, hachapi.

Bwana, sifuti. Mbali na wapi? Mimi kwangu ni Ulaya iliyo mbali.

Nilirudi Baraka na karatasi zangu, nikamsomea mama, ambaye sasa macho yamemwishia. Alisikiliza kama zamani, mikono ikigeuza ndagala wasiokuwepo.

"Jina ya Mama Riziki iko ndani?"

"Iko, mama."

"Na Lubondja?"

"Iko."

"Na kosa yako?"

Nikapekua karatasi zangu. Halikuwamo. Nilikuwa nimewaanika wasemaji na majenerali wote, nikajisahau mwenyewe juu ya mtumbwi. Aibu ilinishika, mtu mzima mwenye mvi.

Siku hizi pale ufukweni kila kijana ana redio na kamera mfukoni, wala haaniki betri. Hajanawa uso, ameshawatumia watu mia ujumbe kwamba kumechafuka au kumetulia. Ukimuuliza nani ameona, anajibu, "Iko mu grupu." Grupu iko na macho? Nawataka wale mama zetu waliojua kuuliza, nautaka hata muhogo wao wa kuchoma. Wengi wamekwenda.

Lakini kitabu kitatoka, majina yote yakiwamo. Mhariri akikataa, nitasimama pale mchangani nikisome kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Nimeandika upya mwanzo wake, na huo hakuna atakayeugusa:

"Naitwa Sifa, wa Baraka. Siku moja nilisema hali imetulia, na sikuwa nimeuliza mtu."