Nilichomoa Waya wa Mdogo Wangu, Radhi za Mama Zikabaki Kwangu

Admin, nakuomba unifiche jina, na mtaa usiutaje zaidi ya kusema Mji wa Kale, maana huku sote twajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka arubaini na mmoja, nina mume na watoto watatu. Najijua nina hasira za karibu na mdomo usiokaa kimya, lakini jambo hili nimelinyamazia miezi mitatu na sasa linanitafuna.

Nyumba yangu na ya mdogo wangu zatazamana, katikati pana kichochoro tu. Nafanya kazi nyumbani kwa kompyuta, naingiza karatasi za mizigo za wakala mmoja wa Kilindini, kwa hivyo intaneti nimeiweka mimi. Kuta zetu za mawe ni nene, kwake haishiki, basi fundi akavuta waya kutoka kwenye ruta yangu, ukapita dirishani hadi kwenye kompyuta yake. Nilimpa kwa moyo mmoja, ni damu yangu. Lakini wanawe wakifungua vibonzo, kazi yangu yakwama, nami nina watu wa bandarini wananisubiri. Nikajizoesha ubaya. Nikawa nauchomoa waya wake kimya kimya, nikimaliza naurudisha. Naye masikini akidhani ni mtandao tu umeharibika, na mimi hata siku moja sikumwambia.

Mama yetu alikuwa Maskati kwa kaka yetu, akitibiwa. Yeye na mdogo wangu hawakuwa wakisemezana sawasawa tangu mdogo wangu alipoolewa na kijana wa Majengo ambaye mama hakumtaka. Harusini mama hakuja. Miaka kumi na mbili ikapita kwa salamu za Idi, basi. Mwaka huu yule shemeji yangu akafariki, mdogo wangu akakaa eda. Bado yumo edani, hali ya mama ikawa mbaya. Mimi pasipoti yangu ilikuwa imekwisha muda, yeye hatoki nje. Kaka akatuambia madaktari watamtia mama mashine ya kupumulia jioni ile, na akishatiwa hatoweza kusema. Basi saa kumi atampigia kila mmoja wetu kwa kompyuta, tumuone mama, tuombane radhi. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imekufa tangu wiki ya msiba wake, kwa hivyo hakuwa na njia nyengine.

Kaka alianza na mimi. Uso wa mama ukaja, mara ukaganda, sauti inakatikakatika. Nikajua mwenzangu naye ameshafungua kompyuta yake. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ruta, nikauchomoa waya wake. Niliwaza ni dakika mbili tu. Picha ikatulia, mama akanitazama, akaniwia radhi, tukalia sote wawili. Hapo nikamsikia mdogo wangu kutoka dirishani kwake, ananiuliza kama kwangu yashika. Nikamwinulia mkono anyamaze, kwa sababu mama alikuwa akisema. Na alilokuwa akisema mama, wallahi, lilikuwa lake yeye.

"Mwenzio nilimdhulumu. Mwambie nimemwia radhi, duniani na akhera, na mimi anisamehe. Lakini nataka nimwambie mwenyewe. Nipe nimuone."

Nikamwambia haya mama, utamuona sasa hivi. Kaka akakata ili ampigie yeye. Mimi nikalaza kichwa mezani nikalia, nikalia mpaka sijui niko wapi, na ule waya nikausahau. Nilipoinua kichwa Magharibi yaadhiniwa. Nikaurudisha mbio, lakini mama alikuwa keshatiwa mashine. Hakuzinduka tena. Siku ya pili wakamzika huko huko.

Kaka alimpigia mara tatu, haikuingia. Akaamini mdogo wetu amezima makusudi kwa kinyongo cha zamani, na hadi leo hasemi naye. Na mdogo wangu, ambaye alikoga akavaa kanga mpya akaketi kungoja, ameamini mama ndiye aliyekataa kumuona, kwani lau angemtaka, kaka angenipigia mimi nimwambie. Nilipokwenda kumpa mkono wa pole akanishika, akaniuliza, "Dada, hakunitaja hata jina?"

Pale ndipo ningesema. Mdomo wangu huu usiokosa neno ukamjibu kwamba mama alikuwa hawezi kusema sana. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni haki yake mama, yeye ndiye aliyemkosea. Waya niliusahau, Mungu anajua. Lakini neno hili nililisema na akili zangu timamu.

Sasa amekwisha, amebaki mifupa. Juzi nilimsikia akiwaonya wanawe wasije wakamuudhi mama yao kama alivyofanya yeye, kwamba yeye ni mtu asiye na radhi na hata dua zake haoni kama zinafika. Mume wangu anashauri nimfikishie maneno ya mama, habari ya waya niifiche. Lakini ataniuliza mbona nilikaa nayo miezi mitatu, na nitamwambia nini? Nikisema kweli yote, namkosa. Hana mume, hana mama, kaka amemsusa, na huniambia kila siku kwamba ni mimi tu niliyembakia.

Eda yake imekwisha. Amekata tiketi, wiki ijayo anakwenda Maskati kumwomba mama radhi kaburini. Radhi ambazo alishapewa, na ninazo mimi hapa, hatua sita kutoka mlangoni pake.

Jamani mlionisoma, nipeni rai zenu. Mkitaka kunitukana nitukaneni, lakini mkimaliza mniambie naanzia wapi. Maana asubuhi ya leo amekuja kuniuliza mama alikuwa akipenda udi gani, ajifukize siku atakayokwenda kumlilia.