Boma Tuliloachiwa Bure

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nalea wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko ng'ambo, karibu na Stratford. Mmoja wa niliowaogesha aliwahi kuwa ofisa wa ujenzi wa serikali ya kikoloni, Tanganyika. Aliposikia natoka huko, akaanza kunisemesha Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha tu: leta, ondoa, upesi. "Tafadhali", inaelekea, haikumfikia.

Kila asubuhi, nikimfunga vifungo vya shati, alinikumbusha fadhila zake.

"Tuliwaachia maboma, mahakama, nyumba za maofisa. Bure kabisa!"

"Ahsante, mzee," nikajibu, maana mshahara wangu haukuwa na fungu la ubishi.

Siku moja binti yake alikuja kumtembelea. Mzee akaniagiza nitoe bahasha kabatini. Ndani mlikuwa na hati ya makabidhiano ya boma la wilaya yetu, yenye saini yake. Akataka niisome kwa sauti, binti asikie ukarimu wa babake.

Nikasoma. Walikuwa wameorodhesha kila kitu: viti, makufuli, ndoo za choo, hata pazia lililotoboka. Mwishoni palikuwa na maelezo mafupi ya ujenzi: fedha zilitoka kwenye kodi ya wenyeji, na walioshindwa kulipa kodi walibeba mawe, miezi miwili kila mmoja, bila malipo.

Nikaishusha karatasi.

"Endelea," mzee akasema.

"Hapa wameandika waliolijenga boma, mzee."

"Nani?"

"Baba yangu ni mmoja wa hao waliobeba mawe. Bega lake la kulia mpaka leo halinyooki."

Binti akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe. "Sasa wewe, baba, uliwapa nini?"

Mzee akanitazama mimi. Nikamsaidia, kama ilivyokuwa kazi yangu: "Funguo."

Jioni ile meneja alinionya kwa kumsumbua mzee, akanihamishia ghorofa ya juu. Nilipanda ngazi na hasira zangu. Wiki iliyofuata binti yule alinifuata huko, akanipa nakala ya hati.

Niliituma nyumbani. Baba, wakati huo mzee wa miaka themanini na kitu, akasomewa na jirani. Nilipompigia simu nilitegemea angalau atafurahi kwamba kazi yao imeandikwa.

"Waambie wairekebishe," akasema. "Haikuwa miezi miwili. Ilikuwa mitatu."