Mashine ya Miguu ya Mama

Ninapika chapati katika hoteli ya barabarani pale Salama, na mpika chapati haketi. Kwa hiyo mama alipokuja kwangu kutoka Kitui akilalamika kwamba nyayo zinawaka moto kila akisimama, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Shamba, mbuzi na maji ya mtoni vilikuwa vimemmaliza. Nilitaka abaki nami, aache kuishi peke yake kule, na nilijiambia kwamba miguu ikipata nafuu atakubali.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda Emali kumtafutia mashine ya kukanda miguu. Muuzaji alinionyesha kwanza ile ya mbao, vigurudumu vilivyopangwa kwenye fremu. Unakanyaga, unasukuma mbele na nyuma. Niliiangalia kwa chuki. Ilifanana na kijiti cha kusukumia chapati, na kijiti hicho kimekula mikono yangu vya kutosha.

"Hii haikusumbui, madam," muuzaji akasema. "Haitaki stima, na unabeba popote."

"Nionyeshe ingine. Mamangu amesukuma vya kutosha."

Akatoa ile kubwa yenye waya, ambayo unatumbukiza miguu yote miwili. Akasema nijaribu. Nikavua viatu kwa aibu, maana soksi zilikuwa na matobo, na mashine ikaanza kuniminya. Jamani! Nilikaribia kulia mle dukani. Sikuuliza swali lingine.

Nyumba yetu ina soketi moja nzima, nayo iko sebuleni, nyuma ya kiti cha mume wangu. Jikoni ni kibanda cha nje, stima haijafika. Na mimi, Mkamba niliyelelewa katika nthoni, ile heshima kati ya wakwe, nilisahau kabisa. Mama hajawahi kula meza moja na mume wangu, sembuse kuvua viatu mbele yake. Hata kumsalimia humsalimia akitazama ukuta. Nilipoiwasha mashine mume wangu akiwa kitini pake, mama alijifunga leso ya pili, akaenda zake jikoni na kuketi kwenye kigoda.

"Hiyo ni ya nyumba yenu," akasema.

Kesho yake jioni mume wangu alibeba kiti na redio, akaenda kukaa nje. Ikawa hivyo kila jioni. Mama akakandwa miguu, na siku moja nikamsikia akicheka peke yake mle sebuleni. Kila alipotaka kuingia, mume wangu alikohoa mlangoni na kusubiri, mama naye akafunika miguu. Nikaanza kuamini kwamba atabaki.

Kisha mvua ikaja. Mume wangu alijibanza chini ya ukingo wa mabati, bega moja likilowa. Mama aliposikia redio imezimwa, akachomoa miguu.

"Mwambie baba watoto aingie," akasema. "Mwenye boma hawezi kunyeshewa juu ya miguu yangu."

Asubuhi alikuwa amefunga kiondo chake. Nilimsihi, mume wangu akamsihi kupitia kwangu, lakini wapi. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza kusihi. Nikamwambia basi abebe mashine.

"Nitaichomeka wapi, kwa mbuzi?"

Kwake hakuna stima. Nikaikumbuka ile ya mbao, isiyotaka stima. Nilimsindikiza hadi barabarani, akitembea polepole, akikanyaga kwa kingo za nyayo.

Mashine sasa naitumia mimi. Inaminya vizuri, siwezi kuisingizia. Jana jioni nilitoka kazini, nikaingiza miguu na kufumba macho. Nikasikia mtu akikohoa mlangoni. Alikuwa mume wangu, amesimama nje na pakiti ya sukari mkononi, akisubiri.

"Ingia," nikamwambia. "Ni mimi tu."