Filamu ya Maziwa Yaliyofika

Wajukuu wangu hubishana kama filamu za zamani zinazopendwa zitengenezwe upya. Mimi huwaambia kesi hiyo ilishakatwa kwetu Masisi, miaka ya hamsini, na aliyeumia ni baba yangu.

Baba alifuga ng'ombe na kuuza maziwa Mweso. Siku moja padri wa misheni, Mzungu mwenye kamera ya filamu, alimwomba apite mbele yake na kibuyu cha maziwa kichwani. Baba akatazama kamera badala ya njia. Akajikwaa kwenye jiwe, puu, maziwa yote chini. Padri hakuacha kupiga picha.

Kwetu wafugaji, maziwa kumwagika ni mkosi. Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa misheni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, wamama walijishika vichwa, wakimlilia baba: "Pole, Papa!" Waliocheka ni wageni wa Buleusa, watu wa msituni wasio na hata ndama. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kicheko nacho kinaambukiza kama upele. Mara ya tatu hata mama yangu alicheka. Tangu hapo, kila sikukuu baada ya misa, watu walidai filamu ile.

Baba aliona haya sana. Kutoka Kingi mpaka Mweso walimwita, "Papa, leo unaanguka ao hapana?" Kisha wakanunua maziwa yake, wakiendelea kucheka. Yeye alisikia kicheko tu.

Alimsumbua padri miaka minne. "Padri, tufanye ingine. Nitabeba muzuri."

Padri akachoka, akakubali. Baba akaazima viatu vya katekista, akaondoa kila jiwe njiani kwa mikono yake. Mimi na mama tulifagia njia nzima, kwa hasira, maana shamba lilikuwa linatungoja. Akatembea kama askofu. Maziwa yakafika, mama akayapokea kwa mikono miwili.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa. Filamu haikuwa na sauti, kwa hiyo katekista alisimama pembeni kutueleza.

"Anatembea," akasema. Tukangoja. "Anatembea tena."

Alipokaribia pale palipokuwa na jiwe, ukumbi mzima ukapiga kelele, "Sasa!" Baba akapita.

"Amefika," katekista akasema, kama anayetangaza msiba.

Kimya. Mzee mmoja wa Buleusa, aliyetembea siku nyingi kuja kuona, akauliza, "Njo ile tu? Imeisha?" Baba alikuwa mbele kabisa, kifua nje. Alidhani kimya kile ni heshima.

Wiki iliyofuata, hakuna aliyemwita njiani. Sokoni Mweso watu walimpita, wakanunua kwa wengine. Akarudi na nusu ya maziwa, na wiki ya pili vilevile. Nyumbani akawa mkali, akagombana hata na ng'ombe. Nilimhurumia, ingawa nilikuwa bado na hasira ya ufagio.

Wiki ya tatu nilimsindikiza misheni.

"Padri, ile filme ya kwanza, ulitupa?"

"Hapana, Papa. Iko."

"Basi uionyeshe."

"Na haya yako?"

Baba akainamisha kichwa.

"Ule wa filme ya pili anatembea muzuri, Padri. Lakini hakuna muntu anamujua. Hata mie simujui."